Kisogo kwa Jua

Nchi ile ilikuwa na umbo la bakuli. Ukingo wake ulikuwa mbali, mweupe kwa chumvi, na katikati, pale chini kabisa, palikuwa na Kasri. Maji ya mvua yaliteremkia Kasri. Jiwe ukiliachia lilibingirika mpaka Kasri. Watu peke yao ndio hawakufika, kwa kuwa watu walizunguka. Barabara zote zilikuwa za duara, saba kwa hesabu ya waliozijenga, tisa kwa hesabu ya waliozitembea, na kwenye kila nguzo ilibandikwa sheria ya neno moja: HAPASIMAMWI. Ndani ya nyumba mtu aliruhusiwa kuketi, kulala, hata kulia. Barabarani alitakiwa atembee tu, na kwa kuwa kila shida ya mtu humtoa nje ya nyumba yake, maisha ya watu wa nchi ile yakawa ndiyo huko kutembea.

Sikujua binti Mwinyimvua alikuwa mpiga hesabu katika Nyumba ya Njia, barabara ya tatu. Jina lake alipewa na mama yake, ambaye mimba yake aliitambua mwezi wa sita ulipoingia, akashangaa, na mshangao huo akamvika mtoto. Umri wake ulitegemea ukuta. Kalenda ya ukuta wa mashariki ilimpa miaka thelathini na sita, ya magharibi ikampa arobaini na mmoja, na Sikujua alikuwa akitazama ile iliyo karibu na kiti alichokalia siku hiyo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye vidole visivyotulia. Hata alipokuwa ameketi, mguu wake mmoja ulitembea chini ya meza. Kilichomkosesha utulivu kilikuwa swali, nalo lilianza siku kaka yake aliposimama.

Ilikuwa siku ya kupatwa kwa jua. Adhuhuri mwanga uligeuka rangi ya shaba, ndege wakarudi viotani, na Ngwali, mchomeleaji wa mabomba, mtu mzima mwenye deni la usingizi usoni na mkoba wa vyuma begani, akasimama katikati ya barabara ya kwanza akainua uso. Alisimama kwa muda wa mtu kumeza mate mara tatu. Askari wawili wa doria wakamshika mikono kwa upole kabisa, wakamwambia kuna maswali machache anatakiwa kuyajibu Kasri. Mwanga uliporudi, mkoba ulikuwa pale pale chini, yeye hayupo.

Mama yao, Bi Havijawa, aliandika barua ya maombi, akashuka nayo barabara ya kwanza, ile inayopita chini ya kuta za Kasri zenyewe. Kwenye lango la kwanza walimwambia ni lango la mbele. Lango la mbele wakamwambia ni la mbele yake. Hakuna aliyemkaripia. Walimwita mama, walimpisha apite, na kila mmoja alimnyooshea mkono kule kule alikokuwa akielekea. Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na moja akizunguka hivyo. Kila adhuhuri Sikujua aliteremka kutoka barabara ya tatu na bakuli la chakula, akatembea sambamba na mama yake akimshikia bakuli wakati anakula, na mama akamsimulia habari za malango: lango lipi limepakwa rangi, askari gani ameoa, nani leo amemjibu vizuri zaidi ya jana. Sikujua alisikiliza huku akitazama ukuta upande wao wa kushoto, karibu kiasi kwamba angeweza kuukwaruza kwa kucha, na kila siku akajiuliza lile lile. Kama kitu kinatuvuta usiku na mchana, na nchi nzima imeinama kukielekea, mbona hatukifikii?

Ndipo lilipokuja agizo.

Mkuu wa nchi alikuwa ameketi katikati, ndani ya Kasri, kwa muda ambao hakuna kalenda iliyothubutu kuuhesabu, na kadiri alivyoketi ndivyo alivyopata wazo lililomnyima raha. Vitu vyote vilimzunguka, naye hakuwa na wa kumuuliza hali hiyo ni hali gani. Juu ya kichwa chake aliona kitu kimoja tu kilichofanana naye. Akaagiza chombo kitumwe karibu na jua, karibu kuliko chochote kilichowahi kufika, kikaliulize swali lake, na swali lenyewe likaletwa Nyumba ya Njia ndani ya kijaluba cha bati kilichofungwa kwa lakiri. Lilikuwa na maneno matatu. Je, jua linajua?

Kwanza walilituma kwa haraka. Mafundi wa barabara ya pili walijenga roketi, wakaiita Mshale, wakaielekeza pua juani kama mtu anavyoelekeza kidole, wakaiwasha. Ilikwenda kwa kishindo kikubwa. Mwaka uliofuata ikaonekana inapita tena juu ya nchi, kimya, bendera yake ubavuni haijaungua hata pindo. Ilikuwa imezunguka. Mafundi wakapelekwa mahali ambapo hapakutajwa, na Bwana Chambuso, mkuu wa Nyumba ya Njia, mtu mwema na mwoga aliyetembea na vitambaa viwili, kimoja cha jasho na kimoja cha heshima, akamwekea Sikujua kijaluba mezani. Akamwambia kazi hii sasa ni yako, na asiseme ni nani aliyempendekeza.

Sikujua alikaa na ile kazi siku nyingi. Alihesabu mafuta, akahesabu uzito, akahesabu mafuta ya kubebea mafuta, na kila hesabu ilimwishia kwenye namba ambayo nchi nzima isingeitosha. Jibu halikumjia kwenye karatasi. Lilimjia adhuhuri moja, bakuli mkononi, alipoacha kutazama ukuta akatazama miguu ya mama yake. Miguu ile ilikuwa imejifunza. Ilitupwa mbele yenyewe, mmoja, mwingine, hata mama alipokuwa anacheka, hata alipokuwa anatafuna, na kwa kila hatua ukuta uliokuwa mbele ukawa ubavuni, na uliokuwa ubavuni ukawa nyuma. Sikujua akasita nusu hatua, askari akamtazama, akaendelea. Lakini lilikwisha kuingia. Mama hafiki kwa sababu hasimami. Si kwamba hana nguvu, wala kwamba hakuna njia. Ardhi yenyewe ingempeleka, kama inavyopeleka maji, lau angeachwa asimame.

Baraza lilikaa kwenye ukumbi usio na madirisha. Mkuu hakuwamo, alisikiliza kupitia bomba la shaba lililotokeza ukutani, na wajumbe walizungumza wakilitazama bomba kama mtu anavyotazama uso. Bwana Chambuso alimtambulisha kuwa ni mpiga hesabu wa barabara ya tatu, akaketi haraka. Sikujua alizungumza akiwa amesimama, maana ndani iliruhusiwa, akishikilia mgongo wa kiti kwa ugeni wa kusimama.

"Hatuangukii juani kwa sababu tunakwenda ubavuubavu," alisema. "Dunia inatubeba kilomita thelathini kila sekunde, na mwendo huo tumezaliwa nao. Roketi ikiondoka hapa, inaondoka nao. Jua linavuta, sisi tumeshapita. Linavuta tena, tumepita tena. Mshale haukupungukiwa na nguvu. Ulikuwa na mwendo mwingi mno, wa urithi, na hakuna aliyeuondoa."

Akawaeleza kwamba kuuondoa mwendo huo hapa walipo ni kama kusimamisha mto kwa viganja: yangehitajika mafuta kuliko yote yaliyochimbwa tangu nchi iumbwe. Kulikuwa na njia nyingine, ya kupita karibu na sayari ya Zuhura mara saba, na kila mara Zuhura ikikipokonya chombo kipande kidogo cha mwendo, mpaka kitambae kidogo kidogo kuelekea ndani. Hiyo ni njia ya kweli, akasema, ila ni ndefu na huishia karibu tu, haifiki pale Mkuu anapotaka. Njia ya tatu ndiyo aliyoileta. Chombo kitupwe mbali. Kilipe jua kisogo, kiende nje kabisa mpaka kwenye sayari kubwa ya Mshtarii. Chochote kinachokwenda mbali na jua huchoka njiani, na kikifika huko kitakuwa kimebakiwa na robo tu ya mwendo wake. Robo hiyo Mshtarii yenyewe itaichukua, kikipita mbele ya uso wake mahali panapostahili, na kwetu itabaki kazi ya kukisukuma kidogo, pumzi moja, kipite hapo na si pengine. Kisha kitakuwa hakina kitu. Na kisicho na kitu huanguka moja kwa moja.

Mjumbe mmoja mzito akauliza, taratibu sana, kama alikuwa amesikia sawasawa: ili kulikaribia jua, chombo cha Mkuu kianze kwa kulikimbia? Mwingine akaandika kitu. Bwana Chambuso akatoa kitambaa cha jasho. Ndani ya bomba ikasikika pumzi ya mtu anayewaza upande wa pili.

"Nani atakisukuma huko mbali?" bomba likauliza.

Sikujua akajibu kwamba amri ya kusukuma itatumwa kwa mlingoti wa redio ulioko ukingoni mwa nchi, kwenye chumvi, kwa kuwa huko hakuna kelele.

"Basi aende yeye," bomba likasema. Na hiyo ikawa idhini, na ikawa hukumu pia, na hakuna ukumbini aliyejua ipi iliyotangulia.

Kabla ya kuondoka alimwomba Bwana Chambuso jambo moja tu, amwangalizie bakuli la mama yake kila adhuhuri. Bwana Chambuso akasema litafika. Alisema hivyo akitazama viatu vyake, na Sikujua alimwamini, maana wenye haya ndio hutimiza.

Chombo, ambacho safari hii kiliitwa Mjumbe, kiliruka kuelekea gizani, na yeye akaondoka juma lile lile kuelekea ukingoni. Safari za wawili hawa zilifanana hata akawa anachanganya yupi ni yupi. Kila barabara aliyoivuka ilimpunguzia kitu. Barabara ya nne walisoma kitambulisho chake wakampa heshima. Ya tano walikisoma wakamrudishia. Ya sita hawakujua kusoma maandishi yale. Picha ya Mkuu ukutani ilizidi kuwa ya zamani kadiri alivyopanda. Barabara ya saba picha ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, mwenye ndevu, na kwenye ile barabara ya tisa ambayo wajenzi waliikana, fremu ilikuwapo lakini ndani yake waliweka picha ya ng'ombe. Saa ya Sikujua ilisimama. Mimi ni nani nikiondolewa barabara, alijiuliza. Mimi ni nani nikiondolewa adhuhuri. Aliyekuwa na haraka ni mimi, au ni ile barabara iliyokuwa na haraka, mimi nikapanda juu yake kama kiroboto? Alipofika kwenye chumvi jua lilikuwa dogo kama punje ya mtama, na Kasri haikuonekana.

Mlingoti ulikuwapo, na chini yake kibanda, na karibu na kibanda aliishi Nyamizi, mpika chumvi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye nyusi zilizoliwa na mvuke, aliyechemsha maji ya chumvi kwenye makarai marefu na kuyakoroga kwa pao la mti. Alizungumza polepole hata Sikujua akadhani sentensi imekwisha, kumbe Nyamizi alikuwa anameza mate katikati yake. Alimkaribisha, akampa kigoda. Sikujua hakukikalia. Alizoea, na mazoea yana tabu. Alitembea kukizunguka kibanda asubuhi, akakizunguka jioni, na baada ya muda miguu yake ikachimba duara jeusi kwenye weupe wa chumvi. Nyamizi alimwangalia siku nyingi. Hatimaye akamwambia kwa upole kwamba anamharibia chumvi.

"Nisamehe, dada," Sikujua akasema. "Kwetu hairuhusiwi kusimama."

Nyamizi akakoroga karai mpaka mwisho wake na kurudi. "Huku sheria hiyo haijafika," akasema. "Labda iko njiani."

Hakujifunza kusimama siku hiyo wala ya pili yake. Alijifunza siku ya kukisukuma chombo. Chombo kilikuwa kimefika kule kilikotakiwa, kimechoka kama alivyohesabu, kinajikokota mbele ya Mshtarii, na Sikujua akaketi kwenye mtambo, akabonyeza kitufe. Amri ilichukua dakika arobaini kufika. Jibu, kama lingekuwapo, lingechukua arobaini nyingine kurudi. Katika dakika themanini zile hapakuwa na jambo lolote duniani ambalo angeweza kulifanya, kulirekebisha wala kuliharibu. Alitoka nje. Miguu ikataka kuanza. Akaitazama. Ikaanza kidogo, ikaacha.

Nimesimama. Hivi ndivyo alivyosimama Ngwali. Kumbe haina kelele. Kumbe ukisimama unausikia uzito wako wote ukikutafuta, unakuja kutoka kwenye magoti, kutoka kwenye mikono, kutoka kwenye miaka, unakaa chini ya nyayo kama mbwa. Na chini ya nyayo ardhi imeinama. Siku zote iliinama. Ilikuwa inanivuta tangu sijazaliwa, mimi nikadhani ni kuchoka. Ngwali hakuvunja sheria. Ngwali aliwaonyesha jambo, nao wakamchukua kabla hajaanza kuteremka.

Alilia akiwa amesimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nyamizi aliendelea kukoroga. Jibu likaja: chombo kimepoteza mwendo wake wote wa ubavu, kinaanguka.

Kazi ikawa imekwisha. Sikujua aliandika barua kuomba kurudishwa, akaandika ya pili, akaandika ya tatu bila anwani. Hakuna iliyojibiwa, na taratibu akaelewa kwamba hakukuwa na hasira yoyote dhidi yake huko chini. Alikuwa amesahauliwa tu, kama kijiti kilichotumika kufungulia mlango. Mvi zikamwota. Aliingiwa upya na ule wasiwasi wa zamani, lakini sasa haukutaka kuzunguka. Ulitaka upande mmoja.

Alimwuliza Nyamizi chumvi yake inaliwa na nani. Nyamizi akasema inaliwa Kasri, ingeliwa wapi tena. Mikokoteni ilishuka nayo mara moja kila mavuno, kwa njia iliyotangulia barabara zote, njia iliyonyooka kama uzi wa fundi mwashi, iliyozikata zote tisa katikati. Sikujua akashangaa kwamba askari waliiruhusu. Nyamizi akajibu jibu refu kuliko yote aliyowahi kuyatoa.

"Askari anawatazama wanaozunguka, hiyo ndiyo kazi aliyofundishwa. Anayekuja moja kwa moja hamwoni mpaka ameshapita. Na wewe, mdogo wangu, sasa huna kinachokushika popote. Panda tu."

Akampakia juu ya magunia, akamfunga kamba kiunoni asije akadondoka, akampa boga la kuchemsha. Hawakukumbatiana. Nyamizi alimfungua punda, maana kwa kushuka punda ni mzigo, akausukuma mkokoteni kwa kiganja kimoja. Ulikuwa msukumo mdogo sana. Ulitosha.

Mwanzoni magurudumu yalikwenda taratibu hata Sikujua akaweza kuhesabu mawe. Barabara ya tisa aliivuka akimenya boga. Ya nane akalishika boga vizuri. Kufikia ya sita upepo ulimvua kitambaa cha kichwa, na nyuso za watu waliokuwa wakizunguka zikampita zikiwa zimefutika, mistari tu, kama rangi zilizoburutwa kwa brashi, na kila mstari ulikuwa mtu aliyekuwa na barua mfukoni. Alipita barabara ya tatu akaiona Nyumba ya Njia kwa muda wa kope moja. Akaona, au alidhani ameona, mwanamke mwembamba dirishani, mguu wake unatembea chini ya meza. Akatamani kumwita. Hakujua amwite nani. Jua lililokuwa punje ya mtama likawa sahani, likawa karai, likawa joto usoni lisilotazamika, na akajua kwa hesabu aliyoibeba kichwani kwamba adhuhuri hiyo hiyo chombo cha Mjumbe nacho kilikuwa kikipita pale palipo karibu kuliko pote, bati lake limekuwa jekundu, kasi yake imekuwa kubwa kuliko kitu chochote kilichowahi kutengenezwa na mkono wa mtu. Kinachoanguka kutoka mbali hufika na kasi hiyo. Ndiyo zawadi ya kwenda mbali, na ndiyo adhabu yake, maana hakiwezi kukaa.

Mlango wa jiko la Kasri ulikuwa wazi kwa ajili ya chumvi. Mkokoteni uligonga rundo la viroba ukafa. Sikujua hakufa nao. Kamba ilikatika, miguu ikagusa sakafu ikiwa tayari inakimbia, akapita kati ya wapishi walioinua masufuria yao kumpisha, akapita ukumbi, akapita ukumbi mwingine, hakuna mlango uliofungwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufika ndani hata pawe na haja ya kufunga. Chumba cha mwisho kilikuwa kidogo. Palikuwa na meza ya duara, na mzee mfupi amevaa ndala, anakula uji.

Miguu yake haikuweza kusimama. Ikaanza kuizunguka ile meza. Alijua atakuwa na nusu duara tu, kisha mlango wa upande wa pili.

Mkuu hakuonyesha kushtuka. Aliinua kijiko. "Wewe ni wa chombo," akasema. Hakuwa anauliza. "Limesema nini?"

"Halijasema kitu, Mkuu. Linavuta tu. Halijui nani anaanguka." Alikuwa tayari ubavuni mwake, aliona madoa ya uzee juu ya mkono wa mzee. "Na mimi nina swali. Kaka yangu, Ngwali bin Mwinyimvua, mchomeleaji, aliyesimama siku ya kupatwa kwa jua. Yuko wapi?"

Mzee akamtazama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuwa peke yake muda mrefu.

"Sikujua," akasema.

Naye alikuwa ameshaufikia mlango.

Nje, kwenye ua, kwenye ngazi, kasi ikimpandisha upande wa pili wa bakuli, neno lile lilimwendea mbele na kumrudia. Kama lilikuwa jibu, basi pale katikati, ambapo nchi nzima iliinamia, hapakuwa na aliyejua. Ngwali alichukuliwa na mikono isiyo na kichwa, akawekwa mahali pasipo na orodha, na miaka yote ya mama ilikuwa inaelekezwa kwenye kiti ambacho habari hazikupanda wala kushuka. Kama lilikuwa jina lake, basi mzee alijua kila kitu. Alimjua yeye, alijua bakuli la adhuhuri, alijua idadi ya hatua za mama yake, na alikula uji juu ya ujuzi huo. Alilipima neno upande huu na upande ule. Sauti ilikuwa moja. Mzee alikuwa amelitamka polepole, akikaza pale ambapo kila mtu hukaza, kwenye jina na kwenye jibu. Na polepole, wakati kasi inampungua, aliona kwamba kwa Ngwali hapakuwa na tofauti. Asiyejua na anayejua akanyamaza wanafanana mbele ya aliyechukuliwa. Jua pia, lijue lisijue, linaunguza kwa joto lile lile.

Alitokea barabara ya kwanza. Bi Havijawa alikuwa akija, barua kifuani, bakuli la Bwana Chambuso mkononi likiwa tupu na safi. Hakuwa amezeeka. Waliotembea hawakuzeeka sana nchi ile. Miaka huwakalia waliosimama. Mvi za Sikujua na mvi za mama yake zilikuwa sasa sawasawa, na mama alimtazama yule mwanamke mgeni aliyejaa chumvi nyusi mpaka kucha, akampisha.

"Pita, dada," akamwambia.

"Mama. Ni mimi."

Mama akamtazama tena, akiwa anatembea, na Sikujua akageuka akatembea naye, kwa mara ya mwisho. Akamsimulia yote: ukingo, mlingoti, dakika themanini, njia ya chumvi, meza. Akamsimulia kiti na aliyekikalia, na ndala zake. Hakuongeza wala hakupunguza. Mwishoni akamwambia neno ambalo Mkuu alilitamka, na akamweleza kuwa hawezi kumwambia kama lilikuwa jina au jibu.

Bi Havijawa alisikiliza hatua mia moja na kitu. "Kwa hiyo lango lipo," akasema.

"Malango yote ni lango, mama. Wazi yote, upande wa chini. Sisi tunapita ubavuni."

Mama alikunja barua, akaitia ndani ya bakuli, akaliweka bakuli juu ya ukingo wa barabara kwa uangalifu kama anayemwachia mtu chakula. Kisha akasimama. Ilimchukua muda, miguu ilijaribu mara mbili kuondoka bila yeye. Sikujua alimshika kiwiko, akasimama naye. Waliokuwa nyuma wakawapita, wengine wakawagonga wakaomba radhi, wengine, kwa kuwa njia ilibana, wakasita, na waliosita wakasikia kitu chini ya nyayo zao, wakatazamana.

Askari wa doria akaja mbio. Hakuwa mkali. Alikuwa akimjua bibi huyu tangu kazi yake ya kwanza.

"Tembea, mama," akasema. "Nakuomba. Wataniona."

"Tutatembea, mwanangu," Bi Havijawa akasema. "Ngoja kwanza nijue uzito wangu."

Akafumba macho. Pale chini ya ukuta ardhi ilikuwa imeinama sana, ikielekea mlango wa ukuta ambao hakuna aliyeusukuma kwa miaka yote ile, na Bi Havijawa akainua mguu mmoja, akautua upande wa chini. Nyuma yao watu wa kwanza, kumi, kisha zaidi, walikuwa wamesimama. Askari akatandaza mikono kuwazuia wawili hawa, akangoja wageuke, akangoja tena. Alikuwa hajawahi kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu namna hiyo. Alihisi kitu, akatazama chini. Changarawe ilikuwa imeanza kuteremka chini ya buti zake, naye anateremka nayo.